Maji ya Paa, Mboga za Kiangazi

  

Leo tutazungumza juu ya maji ya mvua. Tutaeleza jinsi ya kuyakinga kutoka kwenye paa la nyumba, jinsi ya kuyahifadhi bila kuzalisha mbu, na jinsi ya kuyatumia kunyweshea bustani ndogo ya mboga karibu na jikoni. Ikiwa unasoma kijitabu hiki pamoja na wenzako katika kikundi, someni polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadiliana.

Kwa nini tuzungumze juu ya maji ya bustani?

Huenda ukajiuliza: maji ya bustani yanahusiana vipi na afya? Yanahusiana sana. Hebu tuitazame hali yetu hapa Muhoroni, na kwa majirani zetu wa Koru, Chemelil, Tamu na Fort Ternan.

Eneo letu liko upande wa juu wa bonde la mto Nyando, chini ya vilima vya Nandi. Mvua tunapata. Masika huanza mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei, na vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi mapema Desemba. Mara nyingi mvua huja alasiri, kwa nguvu na kwa muda mfupi. Maji hupiga mabati, hutiririka uani, huchukua udongo wetu mzuri na kuupeleka mtoni. Mto nao huupeleka ziwani. Baada ya saa moja jua limetoka na maji yamekwisha kwenda zake.

Kisha huja Januari na Februari. Ardhi hupasuka. Mboga hukauka. Sukuma wiki iliyokuwa ikiuzwa kwa fungu kubwa sokoni huwa fungu dogo kwa bei ile ile au zaidi. Katika miezi hiyo mama wengi hupika ugali na kitoweo chepesi, siku baada ya siku. Wakubwa huvumilia, lakini mtoto mdogo havumilii. Mtoto anayekosa mboga za majani, matunda na vyakula vyenye madini ya chuma huishiwa damu. Akikosa vitamini A, kinga ya mwili wake hupungua, na macho yake yanaweza kudhurika. Sisi tunaoishi karibu na ziwa tuna malaria nyingi, na malaria nayo hupunguza damu. Kwa hiyo mtoto huyo hupigwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Sababu nyingine ni miwa. Miwa hutupatia pesa, hatukatai. Lakini miwa huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili kukomaa, na familia nyingi hupanda miwa hadi mlangoni. Mtoto hali miwa kwa chakula cha mchana. Kipande kidogo cha ardhi karibu na jikoni, hata hatua tano kwa hatua tano, chaweza kuilisha familia mboga wakati shamba lote linangoja kuvunwa.

Tunakumbuka mafuriko ya mwaka 2020, na yale ya mwaka 2024, wakati Ziwa Victoria lilipojaa kupita kiasi na maji yakawahamisha watu katika uwanda wa Kano. Bonde lile lile linalozama mwezi wa Mei hukosa maji ya kunyweshea mche mmoja wa mboga mwezi wa Februari. Shida yetu, basi, ni kwamba maji huja yote kwa pamoja, nasi hatuyawekei akiba. Wahenga walisema akiba haiozi. Maji ya mvua yanaweza kuoza, lakini tukijua kuyatunza hayataoza.

Paa lako linaweza kukupa maji kiasi gani?

Mama wengi hufikiri paa la nyumba ndogo haliwezi kutoa maji ya maana. Hebu tufanye hesabu. Ni hesabu rahisi.

Mvua hupimwa kwa milimita. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Sasa tuseme nyumba yako ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Pima chini, ardhini, sehemu iliyofunikwa na paa. Usipime juu ya mabati. Sita mara tano ni mita za mraba 30.

Ikinyesha mvua nzito ya alasiri, tuseme milimita 20, paa hilo litapokea lita 600. Si yote utakayoyapata. Mengine hurukia nje, mengine huvuja kwenye viungo, mengine hukaukia kwenye mabati yenye joto. Toa sehemu moja kati ya tano. Utabaki na lita 480. Hiyo ni mitungi 24 ya lita 20!

Fikiria safari ngapi za mtoni hizo, mama, mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Na hata kama umeweka gata upande mmoja tu wa paa, utapata nusu yake, yaani mitungi 12. Inatosha kujaza pipa la lita 200 na kufurika.

Jinsi ya kukinga maji

Paa la mabati ndilo bora. Paa la nyasi hutoa maji machache yenye rangi ya chai. Maji hayo yanaweza kutumika bustanini, lakini si ya kunywa. Paa la vigae vya asbesto lililozeeka na kuvunjika-vunjika lisiguswe wala kusuguliwa, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu.

Kando ya paa weka gata. Fundi anaweza kukukunjia gata kwa vipande vya mabati. Kama huna pesa, mwanzi uliopasuliwa katikati na kutolewa vifundo vya ndani hufanya kazi hiyo kwa muda. Gata iinamie kidogo upande wa pipa, ili maji yasisimame ndani yake. Maji yakisimama kwenye gata, mbu watazaliwa juu ya kichwa chako.

Kabla ya mvua kuanza, ondoa majani, viota na takataka kwenye gata. Kazi hiyo ifanywe siku kavu. Usipande ngazi wala usimpandishe mtoto juu mawingu yakiwa yametanda, kwa maana eneo letu lina radi nyingi.

Kumbuka pia kwamba maji ya kwanza ni machafu. Wakati wa kiangazi paa hukusanya vumbi, majivu ya miwa iliyochomwa, na kinyesi cha ndege na mijusi. Mvua ya kwanza huosha uchafu huo wote. Kwa hiyo usiingize maji ya kwanza kwenye pipa. Kwa paa la ukubwa tuliotaja, acha mtungi mmoja mzima wa lita 20 uende kando kwanza, na maji hayo uyamwagie migomba. Kisha elekeza maji safi kwenye pipa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, iache inyeshe kwa dakika kumi na tano kabla ya kuanza kukinga.

Chombo cha kuhifadhia

Wengi wetu tutaanza na pipa la lita 200. Lakini chunguza sana pipa hilo limetoka wapi. Pipa lililokuwa na molasi au mafuta ya kupikia linafaa, ukiliosha vizuri kwa maji moto na sabuni. Pipa lililokuwa na dawa ya kuua magugu kwenye miwa, dawa ya wadudu, rangi, au kemikali nyingine ya kiwandani halifai kabisa, hata ukiliosha mara mia. Sumu hubaki, huingia kwenye maji, kisha kwenye udongo, kisha kwenye mboga ya mtoto wako. Kama muuzaji hawezi kukueleza pipa lilibeba nini, usilinunue.

Pipa au tangi liwekwe juu ya msingi imara, ulioinuliwa kiasi cha kuweza kuweka ndoo chini ya mfereji. Kumbuka kwamba lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Pipa la lita 200 likijaa lina kilo 200. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani nzima! Nasi wengi wetu tuna ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Ukiweka tangi juu yake moja kwa moja, litainama na huenda likaanguka, na linaweza kumwangukia mtoto anayecheza. Kwa hiyo kwanza chimba uondoe udongo mweusi, ujaze mawe na changarawe, ushindilie, ndipo ujenge msingi juu yake.

Weka bomba la kutoa maji yanayofurika. Maji hayo yaelekeze kwenye shimo la migomba au la mapapai. Yasielekee kwenye choo cha shimo wala kwa jirani. Choo kikijaa maji, uchafu hutoka nje, na hapo unakaribisha kuhara na kipindupindu.

Adui aliye ndani ya pipa

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa la leo. Maji yale yale yanayokupa mboga yanaweza kukuletea ugonjwa, ukiyaacha wazi.

Mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyosimama. Mayai huwa viluwiluwi, vile vidudu unavyoviona vikijinyonganyonga ndani ya maji. Viluwiluwi huwa mbu wenye mabawa. Safari hiyo yote, kutoka yai hadi mbu, huchukua wiki moja hadi mbili tu kutegemea joto. Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi, mitaro, mashimo ya wazi na hata alama za kwato za ng'ombe zilizojaa maji. Mbu wanaopenda mapipa, magurudumu ya zamani na mikebe ni wa aina nyingine, nao wanaweza kuleta homa ya dengue. Wewe mama huna haja ya kuwatofautisha. Wafungie mlango wote.

Fanya hivi:

Funika pipa kwa kifuniko kinachobana. Mahali maji yanapoingilia, funga kitambaa cha neti au wavu wenye matundu madogo sana, uukaze kwa kamba ya mpira. Usikate neti ya kitandani inayotumika. Neti hiyo ni ya mtoto kulala ndani yake. Iliyozeeka na kuraruka, ambayo haiwezi kushonwa tena, ndiyo ya pipa.

Kagua mara moja kila wiki, siku ile ile, tuseme kila Jumamosi. Chukua tochi, angalia ndani. Ukiona viluwiluwi, tumia maji hayo yote bustanini mara moja. Yamwage juu ya udongo mkavu na viluwiluwi vitakufa, kwa maana haviwezi kuishi nje ya maji. Kisha sugua pipa ndani kwa brashi, kwa sababu mayai ya mbu wengine hushikamana na ukuta wa pipa hata likikauka.

Ukichimba kidimbwi cha kuhifadhi maji shambani, kifunike au kiwe mbali na nyumba, na usikiache na maji kidogo yaliyotuama bila kutumika. Fukia madimbwi yanayotokea chini ya mfereji na kwenye njia ya ng'ombe. Weka mawe na changarawe pale unapochotea maji.

Hata ukifanya haya yote, mtoto na mama mjamzito walale ndani ya neti yenye dawa kila usiku, kiangazi na masika. Na ikiwa mtoto wako bado ni mdogo, mwulize muuguzi juu ya chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa hapa magharibi mwa Kenya mwaka 2019. Mtoto akipata homa, usingoje. Mpeleke kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe.

Mtoto na maji

Mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea anaweza kuzama katika maji ya kina cha shubiri moja. Haihitaji ziwa. Ndoo inatosha. Mtoto huinama kutazama sura yake ndani ya maji, kichwa kikamzidi uzito, akatumbukia na asiweze kujitoa. Wala hapigi kelele.

Kwa hiyo kifuniko cha pipa kiwe kizito au kifungwe kwa waya, kiasi kwamba mtoto hawezi kukifungua. Usiache mawe au kiti karibu na pipa ambavyo mtoto anaweza kupanda. Ndoo ukimaliza kunyweshea igeuze chini juu. Na shimo lolote la maji lizungushiwe uzio.

Je, maji haya yanafaa kunywa?

Maji tunayozungumzia leo ni ya bustani. Yameguswa na kinyesi cha ndege na vumbi. Usimpe mtoto anywe hivi hivi. Weka alama kwenye pipa, na kikombe cha kunywea kisikae karibu nalo.

Ikiwa huna maji mengine na ni lazima uyatumie kwa kunywa, na paa ni la mabati na pipa ni safi, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote kabisa, au uyatie dawa ya klorini ukifuata maagizo yaliyoandikwa kwenye chupa. Yaweke kwenye chombo safi chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata kidogo, hata wakati wa joto kali. Maziwa ya mama yanamtosha kwa chakula na kwa kiu.

Wakati wa kunyweshea mboga, mwagia maji chini kwenye shina, si juu ya majani. Na kabla ya kupika, osha mboga kwa maji safi, uoshe na mikono yako kwa sabuni.

Bustani inayotumia maji kidogo

Maji uliyoyapata kwa shida usiyamwage ovyo. Kuna njia tatu za kuyafanya yadumu.

Ya kwanza ni kufunika udongo. Hapa kwetu majani makavu ya miwa yamejaa kila mahali, na wengi huyachoma. Usiyachome, mama. Yatandaze kwenye kitalu cha mboga, unene wa vidole vinne hivi, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze. Majani hayo huzuia jua lisinyonye maji, huzuia magugu, na mwishowe huoza yakawa mbolea. Yainue kwa kijiti kabla ya kuingiza mkono, kwani nyoka nao hupenda mahali penye baridi.

Ya pili ni bustani ya gunia. Chukua gunia la kilo 90. Changanya debe mbili za udongo na debe moja ya samadi iliyooza vizuri. Chukua mkebe mkubwa usio na kitako, uusimamishe katikati ya gunia, ujaze mkebe huo kwa mawe madogo, na pembeni yake ujaze udongo. Vuta mkebe juu kidogo, jaza tena mawe na udongo, hivyo hivyo hadi juu. Mwishowe utakuwa na nguzo ya mawe katikati ya gunia. Ukimwaga maji juu ya mawe yatashuka na kufika kila mahali. Toboa matundu pembeni mwa gunia, yakiachana kiasi cha shubiri moja, na upande miche. Gunia moja laweza kubeba miche 20 hadi 30 ya sukuma wiki. Linafaa sana kwa mama anayeishi kwenye nyumba ya kupanga mjini asiye na shamba.

Ya tatu ni wakati. Nyweshea asubuhi na mapema au jioni jua likishuka. Ukinyweshea saa sita mchana unalinywesha jua. Na maji ya kusuuzia vyombo na nguo, yasiyo na sabuni nyingi, yasimwagwe uani. Yapeleke kwenye gunia au kwa migomba, ukibadilisha mahali kila siku.

Hesabu ya kiangazi

Sasa turudi kwenye hesabu ili ujue akiba yako itafika wapi. Tuseme una magunia matatu na kitalu kimoja cha mita 1 kwa mita 3, kilichofunikwa kwa majani ya miwa. Kila gunia lipe lita 5, jumla lita 15. Kitalu kipe lita 4 kwa kila mita ya mraba, jumla lita 12. Hizo ni lita 27. Kwa kuwa umefunika udongo na kutia samadi, utanyweshea siku moja na kupumzika siku moja.

Pipa moja la lita 200 litakutosha wiki mbili. Mapipa mawili yatakutosha mwezi mmoja. Tangi la lita 1,000 litakutosha zaidi ya miezi miwili, yaani Januari yote na Februari yote, hata kama mvua haitanyesha hata tone. Mvua moja ya ghafula ikija katikati, na mara nyingi huja, pipa linajaa tena.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Ukitaka kuchuma Januari, anza kujitayarisha Oktoba. Tengeneza kitalu cha miche vuli inapoanza. Hamisha miche ya sukuma wiki mwezi wa Novemba, uanze kuchuma baada ya wiki sita hadi nane. Kunde, yaani boo, na ododo, ambayo wengine huiita terere au mchicha, ziko tayari baada ya wiki tatu au nne tu. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili, zisikomae zote siku moja. Na mapipa yote yawe yamejaa na kufunikwa kabla ya mvua za Desemba kukatika.

Kutoka bustanini hadi kwenye sahani ya mtoto

Mboga zetu za kienyeji ni dawa ambayo hatulipii. Osuga, dek, apoth, boo na ododo zina vitamini A na madini ya chuma, nazo huvumilia jua kuliko kabeji. Ongeza majani ya malenge, na viazi vitamu vya rangi ya machungwa ukipata mbegu.

Osuga na dek ni chungu kidogo, na wengine huzichemsha na kumwaga maji mara mbili au tatu. Ukifanya hivyo unamwaga vitamini pamoja na maji. Afadhali uzichanganye na apoth au ododo, ambazo ni laini, na utie maziwa kidogo kama walivyofanya nyanya zetu. Pika kwa muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa. Tia mafuta kidogo au karanga zilizosagwa, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Tia nyanya au ndimu, kwani husaidia mwili kupata chuma iliyo ndani ya mboga. Chai isinywewe pamoja na chakula hicho, kwa sababu huzuia chuma.

Mtoto akifika miezi sita, mpondee kijiko kimoja au viwili vya mboga laini ndani ya uji mzito au viazi, pamoja na omena iliyosagwa ikawa unga. Ongeza kiasi kadiri anavyokua, ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Mpeleke kliniki kwa wakati wake apimwe uzito na kupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, hadi afikishe miaka mitano. Bustani yako haiondoi haja ya kliniki, nayo kliniki haiondoi haja ya bustani.

Ukiona viganja vya mtoto, ndani ya midomo na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, au mtoto amelegea, anapumua kwa haraka na hachezi, usimtibu kwa mboga peke yake. Huenda damu imepungua sana. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Anza na ulicho nacho

Labda unasema, "Mimi sina pesa za tangi." Hakuna anayekuambia ununue tangi leo. Haba na haba hujaza kibaba. Anza na beseni na ndoo chini ya paa, na gunia moja karibu na mlango. Msimu ujao tafuta pipa moja na kipande cha gata. Msimu unaofuata ongeza la pili.

Kwa tangi, tumieni chama chenu. Wanawake kumi wakichanga kila mwezi, kila mwezi mmoja wao anawekewa tangi na gata kwa zamu, na baada ya miezi kumi kila mmoja anakuwa nalo. Anzeni na yule aliye na watoto wengi wadogo, au nyanya asiyeweza tena kubeba maji kutoka mtoni. Na wanaume pia washirikishwe. Kuchimba msingi, kubeba mawe na kufunga gata si kazi ya mama peke yake.

Mambo ya kukumbuka

1. Acha maji ya kwanza yapite, kisha ukinge yaliyo safi.
2. Usitumie pipa lililobeba dawa za shamba au kemikali.
3. Funika pipa, weka wavu, na ukague kila Jumamosi.
4. Mtoto asiweze kufungua pipa.
5. Maji ya bustani si ya kunywa, ila yamechemshwa au kutiwa dawa.
6. Funika udongo kwa majani ya miwa, unyweshee asubuhi au jioni.
7. Panda wakati wa vuli ili uchume wakati wa kiangazi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, mboga huadimika miezi gani? Watoto wetu hula nini wakati huo?
2. Pima paa la nyumba yako. Mvua ya milimita 20 itakupa mitungi mingapi?
3. Tembeleeni nyumba tatu za jirani. Ni wapi mmeona maji yaliyosimama? Nani ataondoa, na lini?
4. Ni mapipa gani yanayouzwa sokoni kwetu, na yalibeba nini hapo awali?

Mama msikilizaji, mvua inayokuja haitakungoja utafute pipa. Leo jioni, kabla ya giza, zunguka nyumba yako mara moja, utazame maji ya paa huangukia wapi. Hapo ndipo pa kuanzia.